Kufuli Langu Juu ya Paa

Katika kazi yetu ya kutunza feni za juu ya paa zinazotoa moshi wa majiko, mtu haingizi mkono ndani ya feni kabla hajazima swichi ya usalama iliyo pembeni mwake na kuitia kufuli lake mwenyewe. Kufuli hilo ni jekundu, lina ufunguo mmoja tu, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mwenye kufuli mpaka kazi iishe. Juu yake pana kibati chenye jina. Changu kiliandikwa E. HAMRIN, yaani Evert Hamrin, kwa herufi nilizozigonga mwenyewe kwa nyundo. Fundi anayekuta kufuli la mwenzake kwenye swichi haruhusiwi kulikata, hata kama jiko zima chini yake limesimama, mpaka amemwona mwenyewe kwa macho, akiwa mzima, na mikono yake yote miwili ikionekana.

Sehemu hiyo ya kuona kwa macho haimo katika kitabu cha sheria. Niliiweka mimi katika kikosi chetu, miaka mingi iliyopita, baada ya fundi mmoja kujibu kwa simu kwamba ameshashuka, akasahau kwamba mwenzake alikuwa bado juu. Mwenzake huyo alipoteza vidole vitatu. Tangu siku hiyo hatukubali simu. Jonna Wikberg alifundishwa kanuni hiyo na mimi alipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Leo ana miaka arobaini na mbili, na ndiye msimamizi wa kikosi.

Mimi nilikuwa nimekwisha kustaafu. Hata hivyo, kwa ombi la Jonna, ofisi iliniachia siku moja kwa juma, Alhamisi, na majiko manne hapa mjini Härnösand: ya shule mbili, la nyumba ya wazee, na la mkahawa ulio karibu na bandari. Ruhusa hiyo ilitolewa upya kila mwaka mpya, na barua ya mwisho ilieleza bila kuficha kwamba nimepita miaka sabini, na kwamba kosa moja tu la usalama litatosha kuifuta. Niliiona kuwa ni barua ya haki. Ningeiandika vivyo hivyo mimi mwenyewe.

Tangu mke wangu Solveig afariki, miaka minne sasa, Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kusema na watu. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Binti yangu yuko Malmö, mwisho mwingine wa nchi, na mjukuu wangu Ylva yuko Luleå, chuoni, anasomea ujenzi wa madaraja. Wote wawili hupiga simu Jumapili, na simu huisha. Siku nyingine zilizobaki nilikuwa nasema na redio, nikiisahihisha lugha.

Alhamisi ya pili ya Desemba nilipanda juu ya paa la mkahawa saa saba na nusu mchana, wateja wa mwisho wa chakula cha mchana wakiondoka. Baridi ilikuwa digrii kumi na moja chini ya sifuri. Nilijifunga mkanda wa usalama, nikaunasa kwenye pete ya chuma iliyo ukingoni mwa mlango wa paa, nikazima swichi, nikatia kufuli. Nilisubiri mapanga yasimame yenyewe, maana feni iliyokatiwa umeme huendelea kuzunguka kwa muda, na mtu mwenye haraka huamini kwamba imekufa. Kisha nilijaribu kuiwasha, ili kuhakikisha kwamba haiwaki. Haikuwaka.

Nilifungua bolti nne na kuilaza feni kwa bawaba zake, ikategemea mnyororo unaoizuia isipinduke hadi chini na kung'oa waya wa umeme. Ndani ya njia ya moshi palikuwa na mafuta yaliyoganda, unene wa kidole, kwa sababu Alhamisi ni siku ya supu ya njegere na chapati za maji katika kila mkahawa wa nchi hii, na chapati za maji hupeleka mafuta mengi juu. Niliyakwangua. Nilisafisha mapanga moja moja, kwa kuwa mafuta yakibaki upande mmoja feni hutikisika, na feni inayotikisika hula beringi zake kimyakimya mpaka siku inapopasuka. Mkanda wa mota niliukaza kidogo. Beringi zilikuwa nzuri. Niliirudisha feni mahali pake, nikakaza bolti kwa mpangilio wa msalaba kama inavyotakiwa. Yalibaki mambo mawili tu: kuondoa kufuli, na kuiwasha nisikilize.

Hapo ndipo kichwa cha Mirsad kilipotokeza kwenye mlango wa paa. Mirsad ndiye mpishi mkuu wa mkahawa ule, mtu mnene, mcheshi, aliyekuja nchini akiwa kijana kutoka Bosnia, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kupanda ngazi ile. Alikuwa na kofia ya sufu ya mtoto, rangi ya waridi, nadhani ya binti yake.

"Fundi," akaniambia, "wewe unashiba hewa ya feni tu? Shuka ule."

Sikuwa na desturi ya kula kwa wateja. Nilimjibu kwamba nina mkate wangu garini. Akasema mkate wangu umekwisha kuwa jiwe kwa baridi ile, na kwamba chapati kumi na mbili zimebaki, na kwamba yeye hatanii. Nikashuka nyuma yake.

Nilikaa kwenye meza ya wafanyakazi, kando ya mashine ya kuoshea vyombo. Mirsad alikaa pia, jambo ambalo wapishi hawalifanyi. Aliniuliza kama nina watoto, nikasema ninaye binti. Aliniuliza kama nina wajukuu. Nikamwambia habari za Ylva: kwamba alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, kwamba majira ya joto yaliyopita alipewa kazi ya kupima nyufa za daraja la reli akiwa msichana pekee kati ya wanaume saba, na kwamba ana mwandiko mzuri, ambao ni nadra siku hizi. Mirsad aliuliza nyufa zinapimwaje. Nikamweleza. Aliuliza kama daraja letu la hapa lina nyufa. Nikamweleza hilo pia. Nilipotazama saa, nilikuwa nimesema kwa dakika hamsini. Siwezi kukumbuka mara ya mwisho kabla ya siku hiyo nilipoulizwa swali la pili.

Kadi ya huduma niliijaza pale mezani. Ina mistari minane, na mstari wa nane husema: imewashwa na kusikilizwa. Mkono wangu uliweka alama kwenye mistari yote minane, na chini nikatia saini. Kisha niliiacha kadi pale mezani, nikamshukuru Mirsad, nikaenda nyumbani, nikiwa na furaha, nikalala mapema.

Mkahawa ule haupiki jioni ya Alhamisi. Kwa hiyo hakuna aliyejua lolote mpaka Ijumaa saa mbili asubuhi, Mirsad alipobonyeza kitufe cha feni na feni isiitike. Usiku theluji ilikuwa imeanguka kwa wingi. Jioni ile walikuwa wakitarajiwa watu sitini kwa meza ya Krismasi, ile karamu ya Desemba kabla ya sikukuu, na bila feni hangeweza kuwasha majiko, maana kengele ya moto ingelia katika jengo zima kabla samaki wa kwanza hajageuzwa. Alipiga simu ofisini. Akaja Jonna.

Mimi wakati huo nilikuwa chini, katika chumba cha kufulia cha jengo letu. Zamu yangu ya kufua, kwenye ubao wa wapangaji, ilikuwa saa moja hadi saa nne. Kule chini simu haishiki mtandao, na hata ingeshika, nilikuwa nimeiacha juu, katika koti. Nilikuwa nakunja mashuka. Shuka la kitanda kipana linahitaji watu wawili, kila mmoja akivuta pembe zake ili linyooke. Mimi hubana pembe mbili katika mlango wa kabati la kukaushia, halafu hurudi nyuma na kuvuta. Ndivyo nilivyokuwa, mikono yote miwili mbele, mlango wa chumba ulipofunguliwa.

Jonna alisimama kizingitini. Alikuwa na theluji hadi magotini na glavu zimelowa. Alinitazama usoni, akatazama mkono wangu wa kulia, kisha wa kushoto. Ndipo akakaa juu ya kikapu cha nguo na kuvua kofia.

"Mara kumi na moja, mzee," akasema. "Nimekupigia mara kumi na moja."

Nilimwambia simu iko juu. Akasema hilo amekwisha kulielewa. Halafu akanieleza, kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha zaidi kuliko kelele, kwamba kufuli langu liko kwenye swichi ya mkahawa.

Nilibaki nimeshika shuka. Nilianza kutafuta kichwani kumbukumbu ya mkono wangu ukigeuza ufunguo, na sikuipata. Nilitia mkono mfukoni mwa suruali. Ufunguo ulikuwamo.

Jonna aliendelea. Mirsad alikuwa ameniona nikiinuka mezani, hakuniona nikitoka nje; kwa hiyo alipoliona jina langu alidhani nilirudi juu, nikaanguka, na nimelala pale pale tangu jana. Aliizunguka feni, akamulika ndani ya njia ya moshi kwa tochi, akaenda kila upande wa paa na kuchungulia uani. Karibu na bomba la moshi la zamani palikuwa na tuta refu la theluji, urefu wa mtu. Alilichimba kwa mikono.

"Unajua nilikuwa natafuta nini?" akauliza.

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa natafuta buti. Niliona heri nianze na buti, nisianze na uso."

Chini ya tuta palikuwa na karatasi ya lami ya kuezekea iliyoviringishwa, iliyosahauliwa na mafundi wengine. Baada ya hapo alikuja kwangu, akagonga, hakuna jibu. Alimgongea jirani wa mlango wa mbele, ambaye tumekaa naye ngazi moja kwa miaka mitatu. Jirani alimwambia hajui kama mlango ule una mtu. Ni mwanamke wa ghorofa ya chini, mwenye zamu ya kufua baada yangu, aliyejua nilipo, na alijua kwa sababu huwa namaliza dakika kumi kabla ya wakati.

Nilitoa pembe za shuka katika mlango wa kabati, nikalikunja vibaya, nikapanda kuchukua koti.

Jonna aliniendesha hadi mkahawani. Paa lilikuwa jeupe, na nyayo za Jonna zilikuwa zimelizunguka lote, zikienda na kurudi, na katikati lile tuta lililofukuliwa. Nilizitazama nyayo zile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu alikuwa amenitafuta hatua zote hizo, nami nilikuwa hai, nikikunja mashuka. Nikaona aibu kwa namna ambayo sikuijua kabla ya hapo.

Nililifungua kufuli kwa mkono wangu, kama inavyopasa. Jonna alisimama mbali na feni, nikaiwasha. Tulisikiliza wote wawili. Ilipanda taratibu, ikatulia, ikatoa ile sauti ya chini iliyo sawa ambayo ndiyo malipo ya kazi hii. Mtikisiko haukuwapo. Moshi wa kitunguu ulitoka karibu mara moja. Mirsad hakupoteza dakika.

Tuliposhuka, Mirsad alikuwa amezungukwa na sufuria. Alinipungia kijiko na kuniambia, "Mzee, umetufanya tule sandwichi asubuhi yote," akacheka, akaendelea na kazi. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Jonna alinipeleka kwenye ile meza ya wafanyakazi, akatoa mfukoni kadi yangu ya jana na kuiweka mbele yangu. Kisha akatoa kadi nyingine, tupu, na kuiweka juu ya ile ya kwanza.

Alisema kwa kunong'ona. Alisema mkanda wa mota ile ni wa zamani, hilo liko katika ripoti za mwaka uliopita. Fundi akiuona mkanda haufai anaruhusiwa kuiacha feni imefungwa kwa kufuli mpaka mkanda mpya uje. Si kosa hilo, ni uangalifu. Nilisahau tu kupiga simu kuwaarifu. Hilo ni onyo la mdomo, basi.

"Uliifunga kwa sababu ya mkanda," akasema. "Siyo, mzee?"

Niliinua kadi tupu na kuusoma mstari wa nane wa ile ya jana.

"Sikiliza. Mimi ndiye ninayepeleka kadi. Hakuna mwingine aliyeiona hii. Nikipeleka ya jana, ina alama kwenye mstari wa nane, unajua wataniambia nini. Januari hutapanda tena. Utafanya nini Alhamisi? Utakunja mashuka?"

Ilikuwa kweli yote. Mkanda ule ulikuwa wa zamani kweli. Ningeweza kuandika maneno matatu na kila neno likawa la kweli, na nikarudi juu ya paa juma lililofuata. Nilichukua kalamu. Nakiri kwamba niliivuta ile kadi tupu karibu yangu, na kwamba niliandika tarehe.

Nikawaza kuhusu fundi atakayeikuta siku moja swichi yenye kufuli, mahali pengine, akawaza: labda ni mkanda tu, kama ule wa Evert. Kufuli lina maana moja. Likiwa na maana mbili, halina kazi. Hayo ndiyo niliyomfundisha Jonna alipokuwa na miaka kumi na tisa, na asubuhi ile alikuwa amechimba theluji kwa mikono kwa sababu aliniamini.

Nikairudisha kadi tupu upande wake. Nikamwomba fomu ya ajali na makosa.

"Wewe ni mgumu kama msumari," akasema Jonna, lakini aliitoa. Alikuwa nayo tayari.

Niliijaza kwa mwandiko ule niliofundishwa shuleni. Jina. Mahali. Kilichotokea: fundi aliondoka bila kutoa kufuli na bila kuijaribu feni, fundi alitia saini kwamba ameijaribu. Chini yake pana kisanduku kidogo, kimeandikwa: sababu. Wengi huandika haraka, au uchovu. Sikuwa na haraka wala uchovu. Niliandika: Fundi alialikwa kula, akakaa.

Jonna alisoma kutoka upande wake wa meza, maandishi yakiwa kichwa chini. Alisema ofisini watauliza ni chakula gani hicho kinachomsahaulisha mtu kufuli.

"Chakula hakina kosa," nikamwambia. "Niliulizwa habari za Ylva. Nikajibu kwa urefu."

Jonna alikunja fomu, akaitia mfukoni, akavaa glavu zake zilizolowa. Alikuwa na kazi nyingine saa tatu, upande wa pili wa mji, na alikuwa amechelewa kwa saa mbili kwa ajili yangu. Nilimwambia nitatembea. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, Mirsad akiwa ameinamia tanuri, hakuniona.

Barua ya ofisi ya kufuta ruhusa yangu ilikuja siku tano kabla ya Krismasi. Ilikuwa na heshima na haikuwa ndefu. Pamoja nayo ilikuja nakala ya agizo jipya kwa mafundi wote: hakuna kupokea chakula kwa mteja kabla ya feni kuwashwa na kusikilizwa. Ni agizo zuri. Lilinisikitisha kwa ajili ya Mirsad, ambaye hatajua lilitoka wapi, na atawaona mafundi wapya kuwa watu wa kiburi.

Jumapili Ylva alipopiga simu nilimwambia nimeacha kazi. Aliuliza kwa nini, nikasema umri. Huo ndio uongo pekee wa jambo lote hili, na nimeuweka hapa ili usibaki peke yake katika simu ile. Sikutaka ajue kwamba ni yeye niliyekuwa nikimsifu.

Alhamisi ya kwanza ya Januari niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikachemsha kahawa, nikavaa suruali ya kazi kabla ya kukumbuka. Sikuivua. Saa moja na nusu simu ililia. Sasa naiweka mezani. Alikuwa Jonna, akiwa juu ya paa la shule, upepo ukimkatiza. Alitaka kujua urefu wa mkanda wa feni ile ya upande wa mashariki, kwa sababu kibati chake kimefutika. Nilimwambia kwa kichwa: sentimita mia moja na kumi na nane. Akaandika.

Kisha hakukata. Nilisikia feni nyingine ikizunguka nyuma yake, na nikatambua ni ipi.

"Na wewe uko wapi?" akauliza.

"Jikoni kwangu."

"Umekaa?"

"Nimesimama."

"Haya," akasema. "Nilitaka kujua tu."

Mtu alimwita kutoka upande wa pili wa paa, na simu ikakatika. Niliiweka mezani. Nikabaki nimesimama pale, kahawa ikipoa, mpaka kulipopambazuka, na huku kwetu mwezi wa Januari kunachelewa sana kupambazuka.